Maswali Yenu Jikoni: Vitindamlo vya Kubeba Siku za Joto

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja: kitindamlo kinatoka jikoni kikipendeza, kinafika pikiniki kimeyeyuka, kimelowa au kimebomoka. Tumechagua maswali yaliyojirudia zaidi. Kabla ya kuchagua pishi lolote la kubeba, jiulizeni mambo matatu: kitakaa nje ya friji kwa saa ngapi, joto la huko litakuwaje, na kitaliwa kwa mkono au kwa kijiko. Majibu mengi hapa chini yanazunguka hapo.

Wapishi wetu, hamjambo? Nilioka keki nikaipaka krimu ya siagi, nikaiweka kwenye buti la gari. Safari ilikuwa ya saa moja na nusu. Tulipofungua boksi, krimu yote ilikuwa imeporomokea upande mmoja na keki imebaki na kipara. Nilikosea wapi?

Keki yako haina kosa, na pengine hata krimu uliipiga vizuri. Siagi huyeyuka kabisa kati ya nyuzi joto 32 na 35, lakini huanza kulegea mapema zaidi, kwenye nyuzi ishirini na kitu. Gari lililosimama juani linavuka kiwango hicho kwa dakika chache tu. Kuongeza sukari ya unga kunaifanya krimu iwe nzito ukiwa jikoni, lakini siagi iliyomo ndani itayeyuka vilevile.

Ukitaka keki iwe na kitu juu, tumia aisingi ya kumimina. Chekecha gramu 150 za sukari ya unga, changanya na vijiko viwili vya chakula vya maji ya limau, kisha mwagia keki ikiwa bado vuguvugu. Sehemu itazama ndani, sehemu itakauka juu na kuwa ngozi nyembamba. Iache wazi kwa saa moja hivi kabla ya kuifunika; ukiifunika mapema inabaki inanata na kunasa kwenye mfuniko. Aisingi hii haina mafuta, kwa hiyo hakuna cha kuyeyuka.

Kama ni keki ndogo za vikombe na watoto hawatakubali bila krimu, zikate katikati kwa mlalo, paka krimu kwenye kipande cha chini, kisha rudisha kichwa juu yake. Krimu ikilegea haina pa kukimbilia, na keki zinapangika hata ghorofa mbili zikitenganishwa na karatasi. Krimu ya mafuta magumu ya mboga badala ya siagi hustahimili joto zaidi, ni kweli, ila mdomoni huacha utando kama nta. Sisi tungeacha krimu nyumbani kuliko kutumia hiyo.

Kuna jambo jingine wengi hawaliangalii, nalo ni mafuta yaliyotumika ndani ya keki yenyewe. Keki ya siagi ikikaa kwenye baridi inakuwa ngumu na kavu mdomoni, kwa sababu siagi inaganda. Keki ya mafuta ya maji inabaki laini hata ikitoka moja kwa moja kwenye boksi la barafu. Kwa hiyo keki itakayosafiri na barafu iokwe kwa mafuta ya maji, na ya siagi isafiri kwenye kibati, kivulini, bila barafu.

Jeli yangu ya nanasi haikuganda kabisa ingawa nilitumia jelatini ya kutosha na kuiweka kwenye friji usiku kucha. Mara nyingine niliweka embe ikaganda vizuri, lakini ikayeyuka tulipofika. Kuna siri gani?

Haya ni matatizo mawili tofauti, ingawa dawa yake inaweza kuwa moja.

Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokata protini, na jelatini ni protini. Hata ungeongeza jelatini mara mbili, kimeng'enya kingeendelea kuikata. Papai na kiwi vina tabia hiyohiyo. Chemsha vipande vya nanasi kwa dakika chache mpaka vipate moto hadi katikati, kimeng'enya kinakufa na jeli inaganda. Ndiyo maana nanasi la kopo halina shida: lilishapikwa kiwandani.

Ama hiyo ya embe kuyeyuka, jelatini huanza kulegea kati ya nyuzi 25 na 35. Siku ya joto hicho ndicho kiwango cha hewa yenyewe. Kwa pikiniki, tumieni agari, ule unga unaotengenezwa kwa mwani. Agari huganda ikishuka kwenye nyuzi 40 hadi 35 hivi, bila friji, na ikishaganda haiyeyuki mpaka ifike karibu nyuzi 85. Pia si protini, kwa hiyo nanasi halina la kuifanya.

Kipimo ni vijiko viwili vya chai vya unga wa agari, vilivyosawazishwa (takriban gramu 4), kwa mililita 500 za juisi na gramu 60 za sukari. Kama mnapata ya vipande vipande badala ya unga, kijiko cha chakula cha vipande hufanya kazi ya kijiko cha chai cha unga. Nyunyiza agari juu ya juisi ikiwa baridi, koroga, acha dakika tano iloane. Weka jikoni, ikianza kuchemka punguza moto, uendelee kukoroga kwa dakika mbili kamili. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaona povu la kwanza wanaondoa sufuria. Agari isiyochemka vya kutosha haiyeyuki yote, na jeli inakuwa na punjepunje chini na maji juu.

Juisi kali kama ya limau au pasheni usiichemshe pamoja na agari, kwa maana asidi ikikutana na moto huidhoofisha. Chemsha agari na sukari kwenye maji yanayochukua nusu ya zile mililita 500, epua, kisha mimina juisi kali kuwa nusu iliyobaki. Lakini juisi hiyo isitoke kwenye friji. Ikiwa baridi, agari itaganda palepale inapogusana nayo na utapata mabonge yanayoelea. Iache kwanza ifikie joto la chumba au ipashe kidogo.

Mimina kwenye vikombe vidogo vyenye mifuniko ukiwa umeshatanguliza matunda. Baada ya saa moja imeshika. Tegemea tofauti ya mdomoni: jeli ya agari inakatika, haitikisiki na kuyeyuka ulimini kama ya jelatini. Ikikaa zaidi ya siku mbili hutoa maji, hivyo ipike usiku wa kuamkia safari.

Nina boksi zuri la barafu, ila kila nikilifungua naona vitu vimeshakuwa vuguvugu. Je, boksi ni bovu?

Huenda, lakini kwanza angalia unavyolipanga. Boksi la barafu halitengenezi baridi, linatunza ile uliyoiingiza. Ukiweka vitu vya vuguvugu kwenye boksi lililokuwa stoo yenye joto, barafu yote inatumika kulipoza boksi kwanza.

Usiku wa kuamkia safari liingize ndani ya nyumba na uweke chupa moja mbili za maji yaliyoganda zilale humo. Asubuhi zitoe, weka nyingine mpya. Vitindamlo viwe vimekaa kwenye friji mpaka vimepoa hadi katikati. Bakuli kubwa la kastadi huhitaji saa nne au tano kufika huko, hata kama juu yake panahisi baridi. Chupa za maji ni bora kuliko vipande vya barafu: haziloweshi chakula, na zikiyeyuka mnakunywa. Zigandishe kwa saa 24, na usizijaze pomoni, kwani maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na chupa itapasuka. Acha vidole viwili juu.

Hewa baridi hushuka. Kwa hiyo barafu ikikaa chini peke yake, vilivyo juu havipati kitu. Panga chupa zilizolala chini, kisha vyombo vya chakula, kisha chupa nyingine au pakiti bapa za barafu juu. Barafu ichukue angalau theluthi ya nafasi yote. Mianya iliyobaki ijaze kwa taulo, maana hewa iliyo kwenye mianya hutoka kila mnapofungua na mpya yenye joto huingia.

Na vinywaji viwe na boksi lao. Boksi la vinywaji hufunguliwa kila dakika. La krimu linapaswa kufunguliwa mara moja tu, wakati wa kula. Hili peke yake lingemaliza nusu ya malalamiko tunayopokea.

Tupia kipimajoto kidogo ndani. Kikisoma nyuzi 5 au chini yake, mko salama. Kitu chenye krimu, maziwa, mayai au jibini laini kikikaa nje ya baridi kisizidi saa mbili, na kama hewa imepita nyuzi 32, saa moja. Muda huo unajumlishwa: dakika 40 mezani jikoni na dakika 40 pikiniki ni dakika 80, na kukirudisha kwenye baridi katikati hakufuti zilizokwishapita.

Pai ndogo za kukunja za matunda kila siku hunivujia kwenye oveni. Zikipona, chini zinakuwa mbichi. Naombeni vipimo kamili tafadhali.

Kwa maoni yetu hakuna kitindamlo kinachoishinda pai ya kukunja kwa safari. Haihitaji sahani, kijiko wala barafu. Vipimo hivi vinatoa pai kumi hivi.

Donge: gramu 250 za unga wa ngano, gramu 125 za siagi baridi iliyokatwa vipande vidogo, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na mililita 60 hadi 75 za maji ya barafu. Fikicha siagi kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka vipande vikubwa vibaki saizi ya punje ya njegere. Usiendelee kufikicha mpaka iwe kama mchanga. Vipande hivyo vikikutana na moto hutoa mvuke na kuacha tabaka. Ukivimaliza vyote utapata biskuti. Nyunyiza maji kidogo kidogo, na yakishatosha donge kushikana ukilibana mkononi, basi. Lifunge, liweke kwenye friji kwa nusu saa.

Ujazo: gramu 350 za matunda yaliyokatwa vipande vya sentimita moja, gramu 70 za sukari, kijiko kimoja na nusu cha chakula cha wanga wa mahindi, na kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau. Pika matunda na sukari mpaka yatoe maji yake. Koroga wanga kwenye vijiko viwili vya maji baridi, mimina, kisha acha ichemke kwa dakika moja huku unakoroga. Limau liingie mwisho, baada ya kuepua, kwa sababu asidi ikichemshwa na wanga muda mrefu hulegeza uzito wake. Pitisha mwiko kwenye kitako cha sufuria: njia ikikaa wazi kwa sekunde mbili kabla ya kujifunga, uzito unatosha. Ikijifunga papo hapo, rudisha motoni.

Sasa subiri. Ujazo upoe kabisa, ikiwezekana uingie kwenye friji. Ujazo wa moto ndiyo sababu ya kwanza ya kuvuja: unayeyusha siagi ya donge kabla oveni haijalishika, mshono unalegea, kisha mvuke unausukuma.

Sukuma donge unene wa milimita tatu, kata duara za sentimita 12. Weka kijiko kimoja na nusu cha chakula cha ujazo upande mmoja, ukiacha ukingo wa sentimita moja na nusu mtupu kabisa. Ukingo ukipakwa sharubati hata kidogo hautashikana, futa kwa kitambaa. Lowesha ukingo kwa yai lililopigwa, kunja, bana kwa vidole halafu kwa uma. Toboa matundu mawili au matatu ya sentimita moja juu, yawe matundu ya kweli yanayoonyesha ujazo. Bila hayo mvuke utajitafutia njia kwenye mshono. Ziweke kwenye friji dakika 20, zipake yai, kisha oka kwa nyuzi 200 kwa dakika 20 hadi 25 mpaka ziwe na rangi ya kahawia hata chini.

Kuhusu chini kubaki pabichi: trei yako inaingia ikiwa baridi. Iache ndani ya oveni inapopata moto, kisha telezesha pai zikiwa juu ya karatasi ya kuokea moja kwa moja kwenye trei hiyo ya moto. Chuma cheusi hupitisha moto vizuri kuliko kioo. Zikitoka, zihamishie kwenye wavu wa waya zipate hewa chini.

Zisifungwe mpaka zipoe kabisa, saa mbili hivi. Pai vuguvugu kwenye mkebe uliofungwa hujipika kwa mvuke wake na ngozi yote inalegea. Zikishapoa, zipange tabaka moja kwenye boksi la karatasi au kibati kilichotandikwa taulo la karatasi. Usiziweke kwenye boksi la barafu. Unyevu wa humo utazilainisha. Ujazo wa matunda na sukari uliopikwa unakaa vizuri nje siku nzima. Ujazo wa kastadi au jibini haukai. Huo unafuata sheria ya saa mbili.

Nimeona watu wakipanga kitindamlo kwa tabaka kwenye chupa za jemu. Nikijaribu, biskuti za chini zinalowa kama uji. Nifanyeje?

Biskuti zinalowa kwa sababu krimu ina maji na biskuti zinayatafuta. Zifungie njia. Saga gramu 150 za biskuti, changanya na gramu 60 za siagi iliyoyeyushwa ili kila chembe ipate mafuta, gawanya kwenye chupa sita za mililita 250 na ukandamize kwa kitako cha glasi ndogo. Ziingize kwenye friji nusu saa siagi igande. Ukitaka uhakika zaidi, paka juu yake chokoleti iliyoyeyushwa, nyembamba tu, kijiko kimoja cha chai kwa kila chupa. Ikishaganda haipitishi maji.

Kwa katikati, lainisha gramu 300 za jibini laini lililokwishatoka baridi na gramu 60 za sukari ya unga. Jibini likiwa la baridi huacha vidonge visivyotoka hata ukipiga vipi, kwa hiyo litoe kwenye friji saa moja kabla. Krimu ni kinyume chake: mililita 150 ya krimu nzito yenye mafuta asilimia 35 hivi, ikiwa baridi, kwenye bakuli baridi, ipigwe mpaka isimame. Ichanganye kwa mwiko taratibu. Gawanya, kisha weka juu vijiko viwili vya matunda yaliyopikwa na wanga kama ya pai pale juu. Matunda mabichi yaliyotiwa sukari hutoa maji yakashuka ndani ya krimu, na hapo ndipo "uji" unapoanzia mara ya pili.

Acha nafasi ya sentimita moja na nusu chini ya mfuniko, la sivyo ukifungua krimu itakuwa imebaki kwenye kifuniko. Friji saa nne angalau. Chupa zisimame wima kwenye boksi, kila moja ikiwa imevalishwa soksi safi au kitambaa ili zisigongane. Usigandishe chupa za kioo zilizojaa, zinapasuka.

Aiskrimu inaweza kufika bila friza?

Inaweza, kwa themosi ya mdomo mpana. Ijaze barafu na maji kidogo kwa dakika 15, mwaga, ikaushe, kisha shindilia aiskrimu iliyoganda kabisa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Shindilia kweli, mpaka juu, isibaki hewa. Funga na usifungue kuchungulia. Themosi zinatofautiana, kwa hiyo ijaribu nyumbani kwa muda uleule wa safari kabla ya kuitegemea mbele ya watu.

Safari ikiwa ndefu, themosi hiyo iweke kwenye ndoo yenye barafu iliyopondwa na chumvi, sehemu moja ya chumvi kwa sehemu tatu za barafu kwa uzito. Mchanganyiko huo hushuka hadi karibu nyuzi 20 chini ya sifuri, wakati barafu peke yake haishuki chini ya sifuri ikishaanza kuyeyuka. Usiushike kwa mkono mtupu, na hakikisha maji ya chumvi hayafikii mdomo wa themosi.

Njia rahisi kuliko zote: gandisha vipande vya keki bapa ya chokoleti, au zabibu mbichi zilizooshwa na kukaushwa, ukavibeba vikiwa vimeganda. Vinasaidia kazi ya barafu njiani. Keki hulainika kwa saa moja au mbili. Zabibu huliwa zikiwa na barafu bado. Kwa watoto wadogo zikateni kwa urefu kwanza, maana zabibu nzima inaweza kumkaba mtoto.

Biskuti zilizochovywa kwenye chokoleti zinashikana zote. Dawa?

Hakuna, ila kuihamishia chokoleti ndani. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi na yanalegea kabla ya hapo, mikononi mwa mtu pia. Weka vipande vya chokoleti ndani ya donge, au upate ladha kwa unga wa kakao, ambao una mafuta machache na hauyeyuki kama chokoleti. Na mkilazimika kubeba za kuchovya kwenye baridi, zikifika msifungue mkebe mara moja. Hewa yenye unyevu ikigusa chokoleti baridi hutonesha maji juu yake, yakikauka yanaacha madoa meupe.

Merengi zangu, zile za ute wa yai na sukari, hunata kama gundi kufikia mchana.

Sukari yake inavuta unyevu wa hewani. Zikitoka oveni zipoe ndani ya oveni iliyozimwa, kisha moja kwa moja kwenye mkebe usiopitisha hewa. Zisikae boksi moja na barafu. Siku ya mvua au hewa nzito, okeni kitu kingine.

Kuna pishi la musi ya chokoleti, ile krimu nyepesi ya kula kwa kijiko, linalotumia mayai mabichi. Je, naweza kulibeba?

Hapana. Mayai mabichi na masaa ya joto havikai pamoja, hasa wakiwemo watoto, wazee au wajawazito. Musi bila yai ipo na ni nzuri: pasha mililita 100 za krimu, mwagia gramu 150 za chokoleti nyeusi iliyokatwakatwa, koroga mpaka iwe laini, acha ipoe mpaka usihisi joto ukigusa chombo. Kisha changanya na mililita 200 za krimu iliyopigwa nusu, ile ambayo ukiinua kipigio inaacha kilima kinachoinama. Ukiichanganya chokoleti ikiwa ya moto, krimu itarudi kuwa maji. Ikiwa baridi mno, utapata chembechembe ngumu. Mimina kwenye vikombe vyenye mifuniko, na itunzwe kwenye barafu.

Tutakuwa watu 20. Nioke trei ya ukubwa gani, na nawezaje kukata vipande visivyopasuka?

Trei ya sentimita 20 kwa 30 ikikatwa vipande vya sentimita 5 inatoa 24. Inatosha, na vinne vya ziada kwa wenye haraka. Kama kuna vitindamlo viwili, kila kimoja kiwe trei hiyohiyo lakini mkate vidogo zaidi, sentimita 4 hivi.

Tandika karatasi ya kuokea ikitokeza pembeni kwa vidole vitatu ili uinue keki yote kwa mkupuo. Iweke kwenye friji saa mbili, kisha kata kwa kisu kirefu kilichochovywa maji ya moto na kufutwa, ukikifuta tena baada ya kila mkato. Shindilia chini moja kwa moja. Kukokota kisu ndiko kunakovuruga kingo. Ukishakata, rudisha vipande vyote kwenye trei ileile uliyookea na uisafirishe hivyohivyo. Havina pa kusogea, kwa hiyo havibomoki.

Saladi ya matunda: tufaha zinageuka kahawia, na chini kunajaa maji.

Loweka vipande vya tufaha na peasi kwa dakika tano kwenye mililita 250 za maji zilizotiwa kijiko cha chakula cha maji ya limau, kisha uchuje. Maji ya chini ni kazi ya sukari: inayavuta kutoka kwenye matunda. Beba sukari au asali pembeni, itiwe wakati wa kula. Ndizi zikatwe hukohuko. Tikiti lioshwe ganda kabla ya kupitisha kisu, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa nje hadi ndani, na likishakatwa nalo linataka baridi kama maziwa.

Biskuti laini na zile za kukatika naweza kuzifunga pamoja?

Usithubutu. Unyevu wa zile laini utahamia kwenye kavu, na jioni zote zitakuwa kitu kimoja, si laini wala si kavu. Mikebe miwili.

Vikibaki, nirudi navyo?

Pai za matunda, biskuti, keki kavu na keki ya aisingi ya limau, ndiyo, kama vilikuwa vimefunikwa. Jeli ya agari isiyo na maziwa rudi nayo ikiwa ilikaa kwenye baridi. Chupa za jibini, musi na chochote chenye krimu, angalia kipimajoto cha boksi: kama bado kinasoma nyuzi 5 au chini na chupa haikufunguliwa, iende friji ikaliwe kesho yake. Iliyofunguliwa ikakaa mezani mkipiga soga, itupwe.